Kigezo cha Bwana Mbali

Treni ilimshusha Mkalimani katika mji aliowahi kuuona kwenye ramani tu, na ramani yenyewe ilikuwa ya zamani. Mtaa alioelekezwa ulikuwa umebadilishwa jina. Muuza miwani wa kwenye kona alimsikiliza hadi mwisho, akafuta kioo kwa upindo wa shati, kisha akasema, "Jina jipya silijui, la zamani nimelisahau. Lakini kama unawatafuta wale wa kutafsiri, wako juu ya kichwa changu. Kutwa nasikia viti vyao vikikwaruza sakafu."

Mkalimani akapanda ngazi na mabegi yake mawili. Alikuwa mtu wa lugha nyingi na makazi machache. Ofisi za watu alizijua kama mpishi anavyojua majiko: akiingia tu, hunusa kilichoungua. Katika hii alinusa kitu kabla hajavuka kizingiti. Watu walikuwa wamekaa kimya kama wanafunzi ambao mwalimu ametoka nje kidogo na hawajui yuko nyuma ya mlango upi.

Mwanamke wa mapokezi, ambaye wote walimwita Karani, aliinuka kumlaki. "Karibu, dada. Ndiye wewe mgeni wetu?"

"Ndimi."

"Weka mizigo. Lakini kabla hujakaa, neno moja." Akamshika mkono, akamvuta mbali na meza hadi dirishani. "Ukiwa na jambo lako la siri, njoo ulisemee hapa. Usilisemee karibu na kompyuta."

"Kwa nini?"

"Utaona mwenyewe. Mimi sisemi."

Hakungoja sana. Walipogeuka, mshale kwenye skrini ya Karani ulikuwa unatembea wenyewe, na Karani mikono yake yote miwili alikuwa ameikunja kifuani. Ule mshale ulifungua dirisha, ukabonyeza, ukafunga, ukaenda pembeni kama mtu aliyetumwa kitu na anajua kilipo. Karani akaiinamia skrini. "Shikamoo," akasema.

Mshale ukasita. Ukafungua ukurasa mweupe, na herufi zikaanza kujiandika: *Marahaba. Naweka programu ya kuchapisha. Usiguse kitu kwa sasa.*

"Unaona?" Karani alinong'ona. "Huyo ndiye Bwana Mbali."

*

Bwana Mbali alikuwa fundi wa kompyuta wa ofisi ile, na jina hilo alipewa kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi. Mafundi waliomtangulia walikuwa wa kawaida: unawaita, wanakuja na mkoba, wanakuinua kwenye kiti chako, wanapulizia vumbi, wanalalamika. Huyu alikaa katika kijichumba mwisho wa ukumbi, mlango wake wa kioo ameubandika magazeti ili jua lisimpige machoni, na akiwa humo aliingia katika kompyuta ya yeyote. Kuweka programu, kuondoa programu, kusasisha kinga ya virusi, yote aliyafanya bila kuinuka. Kwake ilikuwa nafuu ya miguu. Kwa wenzake ilikuwa sawa na kuwa na mpangaji mwenye ufunguo wa kila chumba.

"Yale magazeti mlangoni," alisema Mhasibu, mzee mpole aliyefunga kila droo yake na kuijaribu baada ya kuifunga, "ni ya jua kweli? Upande ule jua halifiki."

Jua lilifika. Mkalimani alilishuhudia siku ya pili, jioni, likipiga pale pale mlangoni. Lakini hakusema kitu. Alikuwa amejifunza katika miji mingi kwamba mgeni anayemtetea mshukiwa hugeuka mshukiwa wa pili.

Kwa mashine ya Mkalimani fundi alikuja mwenyewe, maana ilikuwa bado haijaungwa na nyingine. Alikuwa kijana mrefu aliyeinama kidogo, kana kwamba kila chumba kina dari fupi. Alichomoa flashi kutoka mfuko wa shati, akaichomeka.

"Inachukua muda gani?" Mkalimani aliuliza.

"Kuweka programu moja moja, siku nzima. Kwa kigezo, muda wa kikombe cha chai."

"Kigezo?"

Hapo ndipo uso wake ulipofunguka. Alilelewa na shangazi yake, alisema, na shangazi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Shangazi hakupima mtoto mmoja mmoja. Alishona gauni moja, akalitazama mchana na jioni, akakivalisha kiti, akaliondoa uzi hapa na pale, na liliponyooka ndipo alipokata kigezo cha karatasi ngumu. Kwa kigezo hicho alikata magauni ya darasa zima. "Na mimi ndivyo ninavyofanya. Naiweka sawa kompyuta moja, programu zote ndani, kila kitu mahali pake. Halafu naipiga picha nzima nzima, naitia humu. Nyingine zote nazimiminia picha hiyo. Zinatoka mapacha."

"Na kigezo kikikosewa?"

Alicheka. "Shangazi alikuwa na neno lake. Kigezo kikipinda, darasa zima litakwenda shule limepinda."

Kadiri siku zilivyopita, Mkalimani alimjua kidogo kidogo, kama mtu anavyosoma kitabu cha kuazima. Shangazi macho yake yalikuwa yanafifia, uzi haupiti tena tunduni. Alikuwa amebaki peke yake katika mji mwingine, na fundi alitaka amlete akae naye. Hospitali kubwa ya mji ilikuwa inatafuta mtu wa kutunza kompyuta zake, kazi ya kudumu, yenye nyumba. Walimpenda. Walikuwa wanangoja barua moja tu, ya Bi Mkubwa wa ofisi hii, iseme kwamba fundi huyu ni mtu wa kuaminika na makini. Mahali penye siri za wagonjwa hawachukui mtu bila maneno hayo mawili.

Na Bi Mkubwa, mwenye ofisi, mwanamke wa miwani mizito na hatua nyepesi, alikuwa ameahidi kuandika.

*

Jumatano moja Mkalimani alitupa ukurasa wa tafsiri kwa bahati mbaya. Akaingia kwenye pipa la takataka la kompyuta kuuokota. Ukurasa wake ulikuwamo. Chini yake palikuwa na kitu kingine: faili la sauti.

Akakaa akilitazama. Mashine ilikuwa mpya kwake. Yeye hajawahi kurekodi hata kikohozi humo. Takataka za nani hizi?

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa mtego. Amewekewa. Mgeni hupimwa, alijua hivyo. Katika ofisi moja huko nyuma waliwahi kumwachia droo wazi makusudi. Jambo la pili lilikuwa kwamba mtego mzuri ni ule usioweza kuupita bila kuugusa. Akavaa vidude vya masikioni, akalitoa lile faili pipani, akalifungua.

Ilikuwa sauti ya Bi Mkubwa, akizungumza na dada yake kwa raha, sauti ya mtu aliyevua viatu. *Dada, simu yangu imeharibika spika, nakurekodia kwenye kompyuta mpya nikutumie. Nikwambie habari za hapa? Mhasibu wangu ni kibubu kilichotoboka. Ukikitikisa kinalia, ukikivunja hukuti kitu. Karani anawachekea wageni, akituona sisi anafunga uso kama duka siku ya mkaguzi. Fundi nampenda lakini simwamini, maana mtu anayejua nyumba yako ina madirisha mangapi, siku moja atachungulia. Nimemwandikia mkalimani mmoja wa kutoka mbali aje. Wageni ni wazuri, dada. Wanafanya kazi vizuri wakiwa bado wanaogopa.*

Mkalimani alisikiliza mara moja, akarudia, akarudia tena ile sehemu ya mwisho. Kisha akalitupa faili pipani kama alivyolikuta, akavua vidude, akatazama huku na huku.

Hakuna aliyekuwa akimtazama. Hilo nalo lilimtia shaka.

Tangu siku hiyo hakumsikia Bi Mkubwa akisema "habari za asubuhi" bila kusikia nyuma yake ile sauti iliyovua viatu. Na aliamini kwamba ni yeye peke yake aliyewekewa. Na aliyeweka ni Bwana Mbali. Nani mwingine angeweza kuweka? Ama alitumwa na Bi Mkubwa ampime, ama alimwibia Bi Mkubwa maneno yake na sasa anayasambaza. Kila mara mshale ulipotembea kwenye skrini, Mkalimani aliuangalia kama mtu anayeangalia nyayo za mwizi bustanini mwake.

*

Yaliyofichika yalitoka kwa sababu ya feni. Mhasibu alitaka izimwe kwa kuwa inapeperusha karatasi zake. Karani alitaka iwashwe kwa kuwa anaiva. Feni ikawashwa, ikazimwa, ikawashwa, wengine wakinywa chai na kujifanya hawaoni.

"Mzee, wewe baridi yako inatoka ndani," Karani akasema. "Feni haina kosa."

"Mwanangu, mimi nina karatasi. Wewe una nini cha kupeperuka?"

"Nina joto. Kaa na karatasi zako, kibubu kilichotoboka wewe."

Lilimtoka kama punje ya wali inavyomtoka mtu anayecheka. Akafunika mdomo.

Mkalimani alitazama nyuso. Mtu akitukanwa, watu humtazama aliyetukana au aliyetukanwa. Hapa hakuna aliyemtazama Karani. Hakuna aliyemtazama Mhasibu. Kila mmoja alitazama kompyuta yake. Na mlangoni, birika la maji mkononi, alikuwa amesimama Bi Mkubwa.

Aliliweka birika chini polepole. "Karani, hilo neno umelitoa wapi?"

"Neno gani, Bi Mkubwa? Ni msemo tu."

"Si msemo. Nimeutunga mimi." Akageuka, akatembea moja kwa moja hadi kwenye mlango wa magazeti, akaufungua bila kubisha. "Wewe. Njoo hapa mbele ya watu."

Bwana Mbali akatoka, ameinama, akipepesa macho.

"Nani amekutuma?" Bi Mkubwa aliuliza. Sauti yake haikupanda. "Maneno niliyosema nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, leo nayasikia yakitupwa kwenye meza ya chai. Wewe ndiye mwenye funguo za mashine zote. Unanisikiliza tangu lini?"

"Sijakusikiliza, Bi Mkubwa."

"Na hospitali wanangoja nikuite mwaminifu. Kalamu ilikuwa mkononi asubuhi hii."

"Bi Mkubwa, niulize kitu kimoja. Maneno hayo uliyasema kwenye simu?"

"Nilirekodi kwenye kompyuta. Nikamtumia dada yangu. Nikayafuta hapo hapo."

"Kompyuta yako hiyo mpya? Siku za mwanzo, kabla ya wengine kupata zao?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Mkalimani, aliyekuwa karibu na fundi, aliuona mkono wake ukipanda kwenye mfuko wa shati na kuifunika flashi, kama mama anavyofunika utosi wa mtoto. Akaona pia kwamba ameshaelewa jambo ambalo hakuna mwingine chumbani aliyelielewa. Angeweza kusema, "Nipe nafasi nichunguze," akarudi nyuma ya magazeti yake, na kwa pumzi moja akafuta kila kitu kwenye kila mashine. Lisingebaki hata vumbi. Karani angebaki na msemo wake, na nani angethibitisha nini?

Mkono ukashuka.

"Njooni muone," akasema. "Tuanze na ya Karani."

Akafungua pipa la takataka la Karani. Faili la sauti lilikuwamo. Akaenda kwa Mhasibu, akafungua. Limo. Bi Mkubwa alishika mgongo wa kiti.

"Limo kwenye zote," Bwana Mbali alisema. "Na hakuna aliyeliweka. Uliponiambia unataka zote ziwe kama yako, niliifanya mashine yako kuwa kigezo. Nyaraka zako niliziondoa, picha zako niliziondoa. Nilifagia chumba kizima, nikasahau kumwaga pipa nililofagilia. Nikapiga picha, nikamimina. Takataka zako zikaenda nyumba kwa nyumba."

Feni ilizunguka, hakuna aliyekumbuka kuigombania.

"Kwa hiyo wote mnalo," Bi Mkubwa alisema. "Nani amelisikiliza?"

Watu walisoma sakafu.

"Hilo linajulikana?" akamuuliza fundi.

"Linajulikana. Pipa huandika siku kitu kilipotupwa. Lililokuja na kigezo lina siku moja, ile uliyolitupa wewe. Mtu akilitoa akalisikiliza, kisha akalirudisha, siku inabadilika."

"Nisomee."

La Karani lilikuwa la wiki iliyopita. "Nilidhani limewekwa kwa ajili yangu," Karani alisema, macho chini. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

La Mhasibu lilikuwa la zamani zaidi, siku chache tu baada ya kigezo. Bi Mkubwa akamgeukia. "Mzee, ulijua tangu wakati huo?"

"Nilijua."

"Na kila asubuhi unanisalimia, unaniulizia miguu yangu."

"Nilidhani ni mtihani, Bi Mkubwa," Mhasibu alisema taratibu. "Nilidhani umeniwekea uone kama nitasema. Nikaona nisiseme. Na miguu yako nilikuwa naiulizia kweli."

Kati ya yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo lililomkalisha Bi Mkubwa kitini.

Zikasomwa na za wengine, ikabaki mashine ya Mkalimani. Alikuwa katika kipindi cha kujaribiwa. Mkataba haujatiwa saini. Mabegi yake hata hayajafunguliwa yote. *Wanafanya kazi vizuri wakiwa bado wanaogopa.* Bwana Mbali akainama mbele ya skrini, mgongo wake mrefu ukawakinga wengine wasione. Akafungua pipa. Akalitazama. Akafunga.

"Hii haijaguswa," alisema.

*

Bi Mkubwa hakumwita mwizi tena. Alimwita ofisini kwake, akaacha mlango wazi, labda makusudi, ili kuanzia sasa kila mtu asikie kila kitu.

"Nilikuharakisha," walimsikia akisema. "Siku ile nilikuharakisha."

"Mteja huharakisha, Bi Mkubwa. Kukagua ni kwa fundi."

"Nikiandika kwamba ni mwaminifu, nitakuwa nimesema kweli. Ungeweza kufuta, nimeliona hilo sasa. Lakini wanataka na neno la pili. Mtu makini. Kesho ukiwamiminia wagonjwa wa watu siri za wagonjwa wengine, kalamu yangu itakuwa imeshiriki."

"Andika la kwanza peke yake."

"Kwa la kwanza peke yake hawatakuchukua."

"Najua."

Kazi ya pale pia aliiacha, ingawa hakufukuzwa. Alisema mtu akishasita kukupa kikombe chake umshikie, hutamtibu kwa kukaa naye zaidi. Siku yake ya mwisho hakukaa kwenye kijichumba kabisa. Alikwenda meza kwa meza kwa miguu yake, akawaonyesha namna ya kumwaga pipa, akangoja kila mmoja abonyeze kwa kidole chake. Mhasibu alibonyeza, kisha akajaribu tena kama anavyojaribu droo. Karani aliuliza kama kuna mahali pengine ambapo vitu hujificha.

"Papo," Bwana Mbali alisema. "Lakini ukianza kuvitafuta, hutafanya kazi nyingine."

"Hilo ndilo jibu la mtu anayejua pa kutafuta," Karani akamwambia, nusu akicheka. Ile nusu nyingine haikucheka.

Flashi alimkabidhi Bi Mkubwa mkononi. Magazeti aliyabandua mlangoni, na jua la jioni likaingia moja kwa moja hadi kwenye kiti kitupu. Mhasibu alilitazama, akakohoa, akasema hakujua kwamba linafika hadi pale.

Mkalimani alimsindikiza hadi kwenye ngazi. Chini muuza miwani alikuwa anafunga duka, mabati yakilia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi. Nilitaka aje kwangu, sasa mimi naenda kwake. Uzi nitamtungia mimi." Akahamisha mkoba bega hadi bega. "Ataniuliza kilichotokea. Nitamwambia kigezo kilipinda. Hataniuliza la pili."

"Ile mashine yangu," Mkalimani alianza.

"Ilikuwa na siku ya Jumatano."

"Basi kwa nini ulisema haijaguswa?"

Alifikiri, au alijifanya kufikiri. Kwa mtu kama yeye haikuwa rahisi kutofautisha. "Humu kila mtu sasa anajua mwenzake amesikia. Nikaona abaki mmoja ambaye hawamjui hivyo. La sivyo asubuhi atafungua mlango nani?"

Lilikuwa neno zuri. Mkalimani aliligeuza upande huu na upande ule, kama anavyogeuza sentensi ya lugha asiyoiamini bado, na hakuona lilipopasuka. Lakini aliona pia jambo jingine: kwamba yule aliyewasomea wote ukweli amemwachia yeye peke yake uongo, na uongo huo unaondoka sasa naye, ndani ya kichwa chake, kwenda mji ambao Mkalimani haujui. Wema ama rehani, hakujua.

"Wewe siku zote ulikuwa unaona siku hizo?" aliuliza. "Ulipokuwa unaingia kwenye mashine zetu. Ulijua tangu mwanzo?"

"Dada," Bwana Mbali alisema, "kama ningekuwa naangalia mapipa ya watu, si ningekumbuka kumwaga lile moja?"

Akashuka. Alikuwa akiinama hata pale ambapo dari ilikuwa juu. Chini alimwambia muuza miwani kitu, wakacheka wote wawili, kisha kona ikammeza.

Mkalimani akarudi kwenye meza yake. Wengine walikuwa wanafunga droo, wanavaa makoti, hawaagani sana. Karani akapita. "Dada, wewe huendi?"

"Nimalizie ukurasa huu."

Alipobaki peke yake aliiondoa mikono yake mezani, akaikunja kifuani. Mshale ulikuwa umesimama katikati ya ukurasa mweupe. Akautazama. Haukutikisika.

"Shikamoo," akasema polepole, akangoja.